Yokohama, Bandari ya Kamera

Wapiga picha wengi wa Afrika Mashariki tunanunua kamera kwa sifa. Mtu anasoma mtandaoni, anatazama video za watu asiowajua, anamuuliza mwenzake aliyetangulia, kisha anatuma fedha Dubai au anampa ndugu anayesafiri. Siku anayoishika kamera mkononi kwa mara ya kwanza, fedha imeshakwenda. Maduka tunayo, Kariakoo na Nairobi pia, na baadhi ya wauzaji ni wajuzi wa kweli. Ila lenzi ndefu ya kupigia wanyama, ya dola elfu tatu au elfu sita, nani ataiweka rafuni ikae miezi ikingoja mtu wa kuijaribu? Matokeo yake tunazijua namba za vifaa vyetu kuliko tunavyovijua vifaa vyenyewe. Tunajua megapikseli, hatujui uzito unavyokaa kwenye kifundo cha mkono baada ya saa nne za harusi.

Kiu ya kuvishika vyenyewe ndiyo iliyonipeleka Yokohama, Japani, kwenye maonyesho ya kamera yanayoitwa CP+. Hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari, katika ukumbi wa Pacifico Yokohama, ukingoni kabisa mwa bahari. Mwaka 2025 yalianza tarehe 27 Februari yakaisha tarehe 2 Machi. Kwa mtu anayekula jasho la kamera, hakuna mahali bora zaidi duniani pa kwenda kuona kinachokuja, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo bila kusita.

Zamani safari ya namna hii ilikuwa ya Ujerumani. Photokina ya Köln ilianza mwaka 1950, na kwa miongo mingi kampuni zilizipangia kamera zao kuzaliwa siku ya maonyesho hayo. Ya mwisho ilifanyika 2018. Mwaka 2020 waandaaji wakatangaza kwamba wanaisimamisha. CP+ yenyewe ilianza 2010, mwaka uleule ambao kamera za dijitali zilizotoka viwandani zilizidi milioni 121, kiasi ambacho hakijafikiwa tena tangu hapo. Simu za mkononi zikashika soko. Kufikia 2023 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama milioni 7.7. Katikati ya mporomoko huo ikaja korona: maonyesho ya 2020 yakafutwa, mawili yaliyofuata yakafanyika mtandaoni, na 2023 milango ya ukumbi ikafunguliwa upya. Mwaka 2024 idadi ya kamera ikapanda kidogo, ikapita milioni 8. Soko limekuwa dogo kuliko zamani, lakini limebaki na watu wanaolipenda, na ukiingia Pacifico unawakuta wote chini ya paa moja.

Mwandaaji ni CIPA, chama cha viwanda vya kamera vya Japani. Huenda jina hilo hulijui, ila kazi yake unaitumia kila siku. Ile idadi ya picha ambazo betri inaweza kupiga, unayoisoma kwenye maelezo ya kamera yoyote, imepimwa kwa kanuni ya CIPA. Vilevile ile namba inayokwambia kamera inatuliza mtikisiko wa mkono kwa kiasi gani. Yaani wenye mizani ndio wenye maonyesho.

Nilifika kwa njia ya Haneda. Treni ya Keikyu inakutoa uwanja wa ndege mpaka stesheni ya Yokohama kwa muda wa nusu saa hivi, kisha unapanda njia ya Minatomirai na kushuka kituo cha pili. Kituo hicho kiko chini sana ardhini. Unapanda ngazi za umeme, moja baada ya nyingine, ndefu hata unapata muda wa kuwatazama watu walio mbele yako: mikoba ya kamera mgongoni, mikanda ya shingoni iliyochakaa kwa miaka ya kazi, wazee wenye fulana za mifuko mingi, wasichana wenye kamera za filamu, baba na mtoto wake wa kiume kila mmoja na kamera yake. Huhitaji kibao cha kukuonyesha njia. Unawafuata tu. Ukitokea juu, upepo wa baharini unakupokea katikati ya majengo, na mbele yako kuna hoteli nyeupe iliyojengwa kwa umbo la tanga lililojaa upepo. Kushoto kwake ndiyo Pacifico.

Msomaji aliyewahi kuzunguka Sabasaba pale Barabara ya Kilwa ataelewa haraka mpangilio wake: mabanda, majukwaa, watu wa makampuni wenye sare, mifuko ya karatasi yenye nembo, na watoto waliochoka wakisubiri wazazi. Kinachotofautiana ni kwamba hapa karibu kila kitu kimewekwa ili ukishike. Canon, Nikon, Sony, Fujifilm, Panasonic, Sigma, Tamron, OM System, kila mmoja ana meza ndefu, na juu ya meza kamera zimefungwa kwa waya mwembamba, zikiwa na betri, ziko tayari. Mbele yao wamejenga mandhari ya kupigia: bustani ya maua, treni ndogo inayozunguka relini, mpiga ngoma, mcheza dansi anayeruka ili ujaribu kama fokasi inaweza kumfuata. Penye foleni ndefu anasimama kijana ameshika kibao chenye dakika za kusubiri, na dakika hizo ni za kweli. Hakuna anayesukuma. Zamu yako ikifika unapewa kamera kwa mikono miwili.

Vitu ambavyo bado havijatoka viwandani vinawekwa ndani ya kioo, au vinatolewa kwa sharti moja: usiingize kadi yako ya kumbukumbu. Sharti hilo lina haki. Programu ya ndani bado inarekebishwa, na picha ya leo si picha itakayotoka siku kamera inauzwa. Mimi nililipokea kwa moyo mkunjufu, kwa sababu lilinilazimisha kuacha kutazama picha na kuanza kusikiliza mkono wangu.

Nilikwenda na swali moja kubwa, na lilihusu lenzi ndefu. Kazi yangu nyingi ni harusi, ila kila mwaka napanda kaskazini kupiga wanyama, na mtu wa Serengeti anahangaika na mambo matatu: mwanga, uzito na vumbi. Wiki hiyohiyo ya maonyesho Sigma walikuwa wametangaza zumu ya milimita 300 hadi 600 yenye f/4 mwanzo hadi mwisho, na Sony wakatangaza ya milimita 400 hadi 800 yenye f/6.3 hadi f/8. Zote mbili zilikuwa pale, juu ya viegemeo, zikitazama ukumbi mzima.

Ya Sigma ina uzito wa karibu kilo nne. Niliiinua ikiwa na kamera, nikaishikilia jichoni mpaka bega likaanza kutetemeka, na haikuchukua muda. Ndani ya gari la safari tunailaza lenzi juu ya kifuko cha maharage kwenye ukingo wa paa, kwa hiyo kilo nne zinabebeka. Shida ni kuigeuza haraka duma anapobadili upande. Ya Sony haifiki kilo mbili na nusu. Hiyo niliifuatisha kwa mkono mmoja watu waliokuwa wakipita ngazini upande wa pili wa ukumbi, na jicho langu halikupoteza hata mmoja. Lakini f/8 mwishoni mwa lenzi inapitisha robo tu ya mwanga unaopitishwa na f/4, na simba kwa kawaida hawawindi saa sita mchana. Chui akishuka mtini jioni, robo hiyo ndiyo picha ipo au haipo. Bei nazo zilisema yake wakati huo: dola 2,899 kwa ya Sony, dola 5,999 kwa ya Sigma. Mambo haya yote yameandikwa kwenye karatasi, nilikuwa nimeyasoma kabla ya kusafiri. Ila uamuzi niliufanya kwa bega, hapo ukumbini, na ningekuwa nimeamua kinyume kama ningebaki nyumbani na karatasi yangu.

Habari ya vumbi ndiyo iliyonipa saa bora kuliko zote za safari hii.

Kwenye mabanda kadhaa wameweka lenzi zilizopasuliwa katikati kwa urefu, kama unavyopasua papai, vioo na vyuma na vyote. Unaona kila kioo kimekaa wapi, unaona sumaku za mota zinazosukuma kioo cha fokasi, unaona nyaya bapa nyembamba kama utepe zikipita ukutani. Nilisimama mbele ya mojawapo nikiinamia, na mzee mmoja mwenye sare ya kampuni akaja akasimama pembeni yangu kimya. Nilipomwuliza kwa ishara kuhusu vumbi, akatabasamu, akatoa simu yake, akaanza kuzungumza nayo kwa Kijapani nayo ikanisomea kwa Kiingereza. Alikuwa mhandisi wa sehemu za chuma za lenzi. Si mtu wa mauzo. Watu wanaobuni vifaa hivi huja kusimama mezani siku za maonyesho, na unaweza kumwuliza mtu kitu alichokichora mwenyewe.

Nikamweleza barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera wakati wa kiangazi: gari lililo mbele likipita, vumbi la volkano, laini kuliko unga wa sembe, linabaki hewani, linaingia kwenye kila tundu. Akaniuliza kama vumbi hilo ni la kukwaruza au la kuganda. Akauliza tunasafisha kwa brashi au kwa pumzi ya pampu. Akauliza tunabadilisha lenzi ndani ya gari likiwa linakwenda? Nikasema ndiyo, mara nyingine. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Kisha akanionyesha kwa kidole. Zumu ya kawaida hurefuka unapoikaribisha picha; bomba la mbele linatoka nje na kurudi ndani. Kila likitoka, nafasi ya ndani inaongezeka na hewa inavutwa kutoka nje, na hewa ya nje ya Serengeti ina vumbi. Lenzi inapumua. Mpira wa kuziba unapunguza tu. Zumu ambayo vioo vyake vinasogea ndani kwa ndani, bila bomba kutoka, haivuti hewa kwa nguvu hiyo. Zile mbili nilizokuwa nimetoka kuzishika, zote ni za namna ya pili: urefu wake haubadiliki. Nilikuwa nimeusoma ukweli huo kama sifa ya urahisi wa kushika, kumbe ni jibu la vumbi langu. Akanionyesha na ile pete ya mpira inayozunguka mdomo wa chuma wa lenzi, pale inapokutana na kamera, nyembamba kama uzi mnene. Akaniambia niifute kwa kitambaa kikavu kila jioni kabla sijafungua, kwa sababu vumbi lililolala juu yake ndilo linaloanguka ndani siku ya kubadilisha lenzi. Ushauri huo hauna bei, na sijawahi kuukuta kwenye kijitabu chochote cha maelekezo.

Mabanda mengine niliyapita kwa kasi zaidi. Panasonic walikuwa na Lumix S1RII, yenye megapikseli 44 na uwezo wa kurekodi video ya 8K, kamera ya kuheshimika ambayo watu wa video walikuwa wameizingira. OM System walikuwa na OM-3, nyepesi na iliyoundwa vizuri. Nilizishika, nikashukuru, nikaendelea. Penye kamera ya Sigma BF nilisimama.

BF ilitangazwa siku chache kabla ya maonyesho. Mwili wake umechongwa kutoka kipande kimoja cha alumini, na mashine inachukua saa saba kuuchonga mmoja. Ukiushika kwanza unasikia baridi ya chuma, halafu unatafuta mahali pa skrubu na maungio huyapati. Nyuma kuna gurudumu moja na vitufe vitatu visivyobonyea. Vinaisikia nguvu ya kidole na kukujibu kwa mtetemo mdogo. Haina tundu la kadi: gigabaiti 230 zimo ndani ya kamera yenyewe. Haina kitundu cha kuchungulia. Haina mahali pa kufunga fleshi juu, wala shata ya chuma. Kwa harusi ya usiku kule kwetu, ukumbi wa taa za rangi na bibi harusi anayeingia saa nne, kamera hii haitanisaidia. Lakini niliiweka mezani kwa shida. Kuna kampuni moja ya familia, iliyoanza 1961, inayotengeneza vitu vyake Aizu, mkoani Fukushima, na ambayo katikati ya soko lililopungua namna hii imethubutu kutoa kifaa kisicho na kitu cha ziada hata kimoja. Kuona ujasiri huo kwa macho, na kuugusa, kuliniondolea uchovu wa kazi niliokuja nao.

Herufi mbili za jina la kamera hiyo zimetoka kwenye kitabu kidogo kuhusu chai, kilichoandikwa kwa Kiingereza na Okakura Kakuzo na kuchapishwa 1906. Na Okakura alizaliwa hapahapa Yokohama, ambako baba yake alikuwa na duka la hariri. Jiwe la kumbukumbu ya mahali alipozaliwa liko pembeni ya jengo la matofali mekundu lenye mnara wa saa, Jumba la Kumbukumbu ya Kufunguliwa kwa Bandari, lililojengwa 1917. Kutoka Pacifico ni mwendo wa miguu. Nikatoka ukumbini kwenda kuliona, na ndipo mji wenyewe uliponifungukia.

Njia nzuri ya kutembea ni ile ya Kishamichi, reli ya zamani ya mizigo iliyopita juu ya maji na sasa imegeuzwa njia ya waenda kwa miguu. Vyuma vya reli bado vimelazwa kwenye mbao chini ya nyayo zako. Nyuma yako unaliacha Landmark Tower, mita 296, na kushoto kwako lipo lile gurudumu kubwa la kupanda lenye saa katikati, mita 112.5. Mbele yako kuna maghala mawili ya matofali mekundu, la 1911 na la 1913, yaliyokuwa ya forodha na leo yamejaa maduka na mikahawa. Ukitaka kula chakula cha halali uliza kwanza, maana nyama ya nguruwe hujificha hata kwenye mchuzi. Mtaa wa Wachina uko mbele kidogo, na mvuke wa vyakula vyake unakufikia kabla hujaiona milango yake.

Yokohama ilikuwa kijiji cha wavuvi mpaka bandari ilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1859. Wageni wakaja na meli, fedha, magazeti, na masanduku ya kupigia picha. Mwaka 1862 mchoraji aliyeitwa Shimooka Renjo akafungua studio yake mjini hapa. Alikuwa amefunzwa kuchora kwa brashi kwa mtindo wa shule ya Kano. Siku alipoona picha iliyotengenezwa kwa mwanga, akaiacha brashi. Hakukuwa na duka la dawa za kusafishia picha, na miaka ilipita akibahatisha na kuharibu kabla hajaweza. Wanafunzi wake wakawa mabwana wa kazi hiyo katika miji mingine. Leo ana jiwe lake la kumbukumbu Bashamichi, barabara iliyopewa jina la magari ya farasi, ambako pia taa za gesi za kwanza za barabarani nchini ziliwashwa 1872. Nilikuta mzee mmoja akimpiga picha mkewe mbele ya jiwe hilo. Walikuwa na mifuko ya CP+ mkononi.

Mwaka mmoja baada ya Shimooka akafika Felice Beato, mzaliwa wa Venice, akiwa ameshapiga picha za vita India na China. Alipanda kilima cha Yamate akaipiga ghuba yote kwa sahani kadhaa za kioo, moja baada ya nyingine, kisha akaziunga zikawa picha moja ndefu: mapaa, meli, maji. Wakati ule sahani ilipakwa dawa, ikapigwa ikiwa mbichi, na ikasafishwa kabla haijakauka. Kwa hiyo mtu alibeba hema lake la giza mpaka kilimani. Mmoja wa waliomfanyia kazi, Kusakabe Kimbei, akafungua studio yake mwenyewe 1881. Studio hizi zikaajiri wachoraji wa kupaka rangi picha moja moja kwa brashi, kimono hapa, ua pale, mpaka picha ya rangi moja ikawa hai. Albamu za studio hizo, zenye majalada ya laka iliyonakshiwa, zilinunuliwa na abiria wa meli wakazipeleka Ulaya na Marekani.

Hapo nikakumbuka Unguja. Zama hizohizo, meli za moshi zilipokuwa zikitia nanga Zanzibar, Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio Mji Mkongwe, akiuza picha za bandari, milango na watu kwa wasafiri waliokuwa wakipita. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na vizazi vya Waunguja vikakaa mbele ya lenzi yake kwa picha za harusi, za pasipoti na za Idi. Bandari mbili zilizo mbali hivyo, na hadithi moja: mgeni anashuka na sanduku, mwenyeji anajifunza siri yake, na baada ya miaka mwenyeji ndiye anayejua zaidi. Tofauti ni kwamba Wajapani waliendelea mpaka wakatengeneza sanduku lenyewe. Ningependa siku moja nisimame mbele ya jiwe kama lile la Bashamichi pale Shangani, Unguja, lenye majina ya watu waliotupiga picha sisi.

Mji huu umepoteza mengi. Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 liliubomoa. Kifusi chake kikamwagwa baharini, na juu ya kifusi hicho ikapandwa bustani ya Yamashita, iliyofunguliwa 1930, ambako leo watoto wanakimbiza njiwa na meli ya zamani ya abiria, Hikawa Maru, imetia nanga kando. Mabomu ya Mei 1945 yakaja juu ya hayo. Picha za Beato na Kimbei ni njia mojawapo ya wakazi kuijua sura ya mji wa babu zao. Nadhani hiyo ni sababu moja ya kamera kupewa heshima inayopewa hapa. Jioni panda gati la Osanbashi, ambalo paa lake ni sakafu ya mbao inayopanda na kushuka kama mawimbi, na utakuta safu ya watu na tripodi zao wakingoja taa za Minato Mirai, upande wa Pacifico, ziwake. Wengine wametoka moja kwa moja kwenye maonyesho, wanajaribu walichokinunua. Ukikosa nafasi, mtu atasogeza mguu wa tripodi yake akupishe.

Siku iliyofuata nilirudi ukumbini kwa ajili ya wadogo. Kampuni kubwa zinapata picha zote za magazeti, lakini kandokando ya ukumbi kuna watu wanaotengeneza mikanda ya ngozi, vichujio, mifuko, taa, na karatasi ya washi ya kuchapia picha, inayoonekana na kuguswa kama kitambaa. Cosina, wanaotengeneza lenzi za Voigtländer, huweka mezani lenzi za fokasi ya mkono. Pete inazunguka kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, na ukiizungusha mara moja unaelewa kwa nini kuna watu bado wanaikataa mota. Laowa, Wachina, wana lenzi za kupigia vidudu na vitu vidogo ambazo wakubwa hawajawahi kuzifikiria. Na Pentax 17, kamera mpya ya filamu iliyotoka 2024, inayogawa kila fremu mara mbili ili roli ya picha 36 itoe 72, ilikuwa imezungukwa na vijana ambao wengi wao walizaliwa filamu ikiwa imeshaanza kuondoka madukani. Msichana mmoja aliuvuta mkono wa kusogezea filamu, akausikia ukirudi, akacheka, akauvuta tena.

Ukitaka kwenda, anza mapema. Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza, na ubalozi wa Japani uko Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka niliokwenda, kiingilio cha maonyesho kilikuwa bure kwa aliyejiandikisha mtandaoni kabla. Hoteli za Minato Mirai ni ghali. Za upande wa Kannai na Sakuragicho zina nafuu, na utatembea kwa miguu. Chukua koti zito. Chukua pia kamera yako ya zamani, maana lenzi mpya uipime kwa mkono ulioizoea kamera hiyo. Epuka Jumamosi kama unaweza. Milango ikifunguliwa, usikimbilie kamera iliyotangazwa jana, foleni yake itakula asubuhi yako. Nenda kwanza kwenye lenzi zilizopasuliwa, tafuta mtu mwenye sare aliyesimama peke yake, na mwulize kuhusu vumbi, joto, jasho na mvua za kwenu. Andika anachokujibu palepale.